Filomena na Filomina

Siku yake ya kwanza shuleni Tencha alijifunza kwamba mahali alipozaliwa pana majina mawili, na kwamba moja kati ya hayo ukilitamka mbele ya mwalimu unachapwa.

Kwenye maandishi jina ni moja tu. Kibao cha barabara kuu kimeandikwa Santa Filomena, muhuri wa posta ni Santa Filomena, na hata ramani ya Texas, ukiikodolea macho sana, ina jina hilohilo huko kusini ambako mchoraji alikuwa ameshachoka. Tofauti iko mdomoni. Sisi wa kando ya kijito, tuliolipokea jina kwa Kihispania kutoka kwa babu zetu, tunasema Filomena. Wagringo, ndivyo tunavyowaita wenzetu wa Kiingereza, wanasema Filomina. Ni herufi moja, na mgeni anaweza kuona ni jambo la kuchekesha. Tencha hakuwahi kuona kichekesho chake.

Zamani ilikuwapo Filomena peke yake, kanisa dogo la matofali ya udongo, nyumba chache, na makaburi nyuma ya kanisa. Reli ilipokuja haikupita pale. Ilipita mwendo wa nusu saa kwa miguu upande wa kaskazini, na Wagringo wakajenga mji kwenye stesheni. Wakaondoka na posta, wakaondoka na mahakama, wakaondoka na jina pia, na jina lenyewe hata hawakujua namna ya kulishika. Lakini watu ni watu, hawakosi kupanga mambo yao. Bila mtu yeyote kuitisha kikao, ikawa kwamba ukisema Filomena unataja kule kwa zamani, kwenye kanisa na kijito, na ukisema Filomina unataja mjini. Bibi kizee asiyejua hata salamu ya Kiingereza ungemsikia akisema, "Naenda Filomina kununua unga," na hiyo mi akaitoa puani vizuri kabisa, kama Mgringo.

Wagringo wenyewe hawakuwa na habari hiyo. Kwao kila mahali palikuwa Filomina. Kule kwetu walikuita Filomina ya Zamani, na wengine walikuita kwa maneno mabaya zaidi ambayo hayana haja ya kurudiwa hapa.

Basi siku hiyo ya kwanza mwalimu alimuuliza Tencha anakaa wapi. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha juzi tu, na mtoto alikuwa amevaa gauni lililoshonwa kwa mfuko wa unga. Akajibu kwa fahari, "Filomena." Rula ikamshukia kiganjani. Mwalimu akasema Filomina, darasa zima likaimba Filomina, na Tencha naye akaimba huku analia. Jioni alimweleza baba yake, aliyekuwa ametoka kuchuma pamba na vidole vimechanika. Baba alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Mwalimu wako anakaa huko," alisema. "Sisi tunakaa hapa. Yeye ataje kwake, wewe utaje kwako."

Tencha aliyashika maneno hayo. Shuleni alisema Filomina, nyumbani alisema Filomena, na hakuwahi kuyachanganya mpaka uzee.

Anselmo Barrientos alikutana naye kwenye dansi ya sikukuu ya mtakatifu, uwanjani pale kanisani. Alikuwa kijana mrefu, mwenye masikio makubwa, na alikuwa ameajiriwa na baraza la mji kutunza makaburi ya Wagringo, kukata nyasi, kumwagilia na kuchimba.

"Nafanya kazi na wakubwa wote wa Filomina," alimwambia Tencha wakicheza. "Majaji, wenye benki, wenye ng'ombe. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifokea."

"Wakubwa gani hao?"

"Waliolala."

Tencha alicheka mpaka akamkanyaga mguu. Mwaka uliofuata walioana.

Alikuwa mume mwema, na alikuwa na jambo moja lililomuudhi mkewe kuliko ulevi, ambao hakuwa nao. Wagringo hawakuweza kusema Anselmo. Alikuwa akiwasahihisha kwa upole. Angelitaja jina, wao wangeliharibu, angelitaja tena polepole, wangeliharibu tena. Angetikisa kichwa na kujaribu mara ya mwisho. Kisha angecheka kidogo, ampigepige mtu mkono na kusema, "Sawa, bwana. Sam." Wakamwita Sam mpaka anastaafu. Mkuu wa posta alimwita Sam, na mchungaji wa kanisa lao alimwita Sam mbele ya maiti.

"Kwa nini unawaachia?" Tencha alikuwa akimgombeza jikoni, mikono imejaa unga wa tortila, chapati zetu za mahindi. "Umepewa jina na mama yako. Unalitoa kama chenji ya dukani!"

"Bikizee," alijibu, ingawa wote wawili walikuwa bado vijana, "mimi najaribu. Wakishindwa, nifanye nini, niwashike ulimi? Mtu akishindwa mbele yako unamsaidia aondoke bila aibu."

"Na aibu yako wewe?"

"Yangu naijua ilipo, haitanipotea."

Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, Belia. Alikuwa na masikio ya baba yake na aliyaficha kwa kitambaa. Alipokuwa na miaka minne homa ilimpanda asubuhi, shingo ikakakamaa, na ilipofika siku ya pili hakuwapo tena. Watu walikuja na majembe, maana ndiyo desturi. Anselmo aliwarudisha. Alichimba peke yake nyuma ya kanisa la Filomena, kwenye ule udongo wetu mweupe mgumu kama saruji, jembe linatoa cheche. Alichimba kama alivyowachimbia wakubwa wa mji, kingo zimenyooka, pembe zimekaa sawa. Kule mjini palikuwa na nyasi za kijani alizomwagilia yeye mwenyewe na vivuli vya mialoni, lakini mtoto wa kwetu hakulazwa kule siku zile. Haikuandikwa popote. Ulikuwapo uzio tu, na kila mtu alijua upande wake. Kesho yake Anselmo alirudi kazini kukata zile nyasi.

Hakulisema jambo lile, na Tencha hakumlazimisha. Kila Jumapili walikwenda pamoja kung'oa magugu. Kando ya Belia, Tencha alisafisha pia nafasi tupu, pana ya kutosha watu wawili wazima. Alifanya hivyo maisha yake yote bila kusema ni ya nini, na Anselmo alimsaidia bila kuuliza.

Miaka kadhaa baadaye alizaliwa Arnoldo, na wazazi wakaapa kwamba huyu hatachapwa rula. Walimsemesha Kiingereza chao cha kuchechemea tangu siku ya kwanza, na Kihispania wakakificha kama mtu anavyoficha kisu mtoto asijikate. Wao wakiongea usiku kitandani kwa lugha yao, mtoto akiingia walinyamaza. Ilifaulu. Hakuchapwa. Alimaliza shule, akaenda Houston, akawa meneja wa duka kubwa la matairi, akaitwa Arnold. Mama yake alijivunia sana, na kila alipompigia simu alitafuta maneno.

Anselmo alipostaafu, baraza la mji lilimfanyia keki. Uzio wa zamani ulikuwa umeshasahauliwa, au watu walijifanya wamesahau. Mwenyekiti alisimama akasema, "Sam, umewatunza watu wetu, nasi tumekupa nafasi miongoni mwao," kisha akatangaza kwamba mji umemtengea kaburi karibu na lango, chini ya mwaloni mkubwa, bure, hapo Filomina. Watu walipiga makofi. Anselmo alisema asante, macho yake yakiwa kwenye keki.

Wenzake wa domino kwenye kibaraza cha kinyozi walipata cha kumtania.

"Anselmo, ukilala kule watakuamsha uwakatie nyasi!"

"Na Siku ya Mwisho parapanda itapigwa kwa Kiingereza. Sikio lako lile kubwa litaelewa nini?"

Anselmo alicheka nao, akapanga kete zake. Usiku ule Tencha alimuuliza, akilikunja shuka ili asimtazame, kama kweli atalala kule.

"Bikizee, viatu vyangu bado vina matope ya kazi, wewe ushanipeleka kaburini?"

Ndivyo alivyojibu, na hawakulirudia tena. Hilo lilikuwa kosa lao, na watu wengi waliopendana wana kosa hilohilo.

Mshtuko wa moyo ulimpata Anselmo asubuhi moja akikarabati mlango wa banda la kuku. Walimpeleka hospitali huko San Antonio, mbali sana. Tencha alikaa kando ya kitanda siku nzima, na siku iliyofuata, akila biskuti za mashine ya kuuzia vitafunwa. Nesi aliyekuwa zamu, msichana mwenye madoadoa usoni aliyeitwa Janelle, alimhurumia. Alimwambia, "Bibi Barrientos, nenda chini ukanywe kahawa, mwanao ameshafika, nitakaa naye mimi." Tencha alishuka. Alimkuta Arnoldo kwenye meza ya plastiki na funguo za gari mkononi, wakakumbatiana. Kahawa ilikuwa bado inafuka moshi Janelle alipotokea mlangoni, na uso wake ulisema kila kitu kabla yake.

"Aliaga dunia kwa utulivu," alisema. "Na aliniomba jambo moja. Alisema azikwe Santa Filomina."

Aliitamka hivyo, na mi yake ndefu.

Arnoldo alifunika uso akalia. Tencha hakulia wakati ule. Alisimama akijiuliza kama amesikia vizuri, na alikuwa amesikia vizuri.

Nyumbani siku iliyofuata, Arnoldo alizungumza kwa upole, maana alikuwa mtoto mzuri. Waliketi jikoni, maharage yakichemka ambayo hakuna aliyetaka kuyala. Bwana Hoskins, mwenye nyumba ya maziko ya mjini, alikuwa amepiga simu akitaka kujua wachimbaji waanze wapi, na alihitaji jibu siku hiyohiyo.

"Mama, baba amesema mwenyewe. Kwa nini tunahangaika?"

"Amesema kwa nesi."

"Kwani nesi ana sababu gani ya kudanganya?"

"Sikusema amedanganya."

"Miaka yote amewachimbia wale watu," alisema Arnoldo, na sauti ilimpanda. "Hawakumtaka Belia mle ndani. Unadhani sijui? Sikuambiwa, lakini nilijua. Leo baba analala langoni, wanampita kila wakiingia. Kila mmoja wao atasoma jina lake, lote, si Sam. Hiyo si haki yake? Mimi nikifikiria hivyo nasikia fahari."

Maneno yalikuwa mazuri, Tencha aliliona hilo. Na ndilo lililomtesa. Kama Anselmo alisema Filomina, basi aliutaka mwaloni na lango, na alikuwa na haki ya kuutaka. Hapo siku yake Tencha itakapofika itabidi achague, alale na mumewe au alale na mtoto. Hawezi kukatwa vipande viwili. Kama alisema Filomena, basi ile nafasi iliyosafishwa kila Jumapili ni yao wote. Kati ya hayo mawili palikuwa na herufi moja, na herufi hiyo ilikuwa imepita kwenye mdomo wa msichana asiyeweza kuitoa hata angelipwa.

Alijiogopa pia. Alijua anavyotamani, na mtu akitamani sana masikio yake humdanganya. Hakutaka kumuiba Anselmo na kumpeleka asikotaka.

"Nipeleke kwa yule nesi," alisema.

"Mama, ni safari ya saa nyingi. Mpigie simu."

"Nataka niuone mdomo wake."

Arnoldo alimtazama kama anayetazama mtu aliyechanganyikiwa na msiba, lakini alichukua funguo.

Walimpata Janelle kwenye chumba kidogo cha mapumziko. Alisimama haraka, akapangusa makombo kwenye nguo, akamkumbatia Tencha kana kwamba ni bibi yake. Tencha alimketisha, akaketi mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Binti yangu, naomba uniambie alivyosema. Alivyosema yeye hasa."

"Alisema azikwe Santa Filomina."

"Jina hilo. Liseme kama alivyolisema yeye."

"Filomina."

"Sasa sema Filomena."

"Filomina," alisema Janelle, na alijitahidi kwa moyo wote, ilionekana wazi.

Arnoldo alishusha pumzi pale mlangoni. Tencha alifumba macho. Hakukuwa na kitu cha kupata pale, ni sawa na kuuliza rangi kwa mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Alikuwa anataka kusimama aondoke.

"Samahani, bibi," alisema Janelle, akiona amemvunja moyo. "Hakuwa na akili yake sawasawa pale mwishoni. Dawa zile huwavuruga. Alikuwa anarudiarudia."

Tencha alifumbua macho.

"Anarudiarudia vipi?"

"Lile jina. Aliponiambia, nilimjibu, 'Sawa, Bwana Barrientos, Santa Filomina.' Akatikisa kichwa, akalisema tena. Nikadhani hanisikii vizuri. Nikapandisha sauti, 'Ndiyo, Filomina, nimekuelewa.' Akatikisa kichwa tena, akalisema polepole, silabi moja moja, kama unavyomfundisha mtoto. Mimi nikamwambia, 'Nimesikia, mpendwa, Filomina.' Nilikuwa nimemshika mkono. Nilihisi vibaya, kwa sababu niliona anataka kitu na mimi nilishakubali."

"Halafu?"

"Halafu akanitazama. Akacheka kidogo tu. Akanipigapiga mkono, hivi." Aliupigapiga mkono wa Tencha. "Akasema, 'Sawa, bibie. Filomina.' Akafumba macho. Hakusema tena."

Friji lilikuwa likinguruma pembeni.

"Hilo la mwisho," alisema Tencha, na sauti yake ilitoka nyembamba, "lilifanana na yale ya mwanzo?"

Janelle alifikiri. Alikuwa msichana mkweli, hakutaka kusema tu la kumfurahisha mtu.

"Kwangu mimi yote yalikuwa sawa. Lakini la mwisho nililielewa zaidi. Lafudhi yake ilikuwa imepungua."

Tencha aliinama mpaka paji la uso likagusa mikono ya yule msichana, akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekibana tangu kwenye meza ya plastiki. Na ndani ya kilio kulikuwa na hasira, sitaficha. Alimkasirikia Anselmo kama alivyomkasirikia kila siku jikoni, mikono imejaa unga. Hata kwenye kufa, mzee wangu! Hata hapo ukamwachia! Umebakiwa na pumzi chache, na ya mwisho unaitumia kumwondolea nesi aibu!

"Nimekosea nini?" Janelle aliuliza, naye machozi yamemjaa.

"Hukukosea chochote. Ulimshika mkono. Mungu akubariki."

Kwenye maegesho jua lilikuwa kali na gari lilikuwa limepata joto kali. Arnoldo aliwasha mashine ya ubaridi, lakini hakuondoka.

"Basi, mama, umesikia. Mwisho kabisa alisema sawa, Filomina. Ndilo neno lake la mwisho."

"Ndilo neno lake la mwisho," alikubali Tencha. "Lakini si alilolitaka. Arnoldo, mtu akikuita kwa jina lako sawasawa, unamsahihisha?"

"Hapana."

"Baba yako angekuwa amesema Filomina, yule binti angelirudisha vilevile, na ingekwisha hapo. Angetikisa kichwa kwa nini? Alikuwa anamsahihisha. Alimsahihisha kama alivyowasahihisha wale wa Sam. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kicheko, kisha anakupigapiga mkono, kisha anakuachia. Umemuona akifanya hivyo tangu ukiwa mdogo. Yule binti hakujua kwamba anamsimulia baba yako. Lakini ni yeye, ni yeye mwenyewe."

Arnoldo alishika usukani kwa mikono miwili, gari limesimama.

"Alisema lipi, basi?" aliuliza. "Kama si Filomina, alisema nini?"

"Filomena."

"Filomina?"

"Filomena."

"Mama," alisema, na uso wake mzima, uso wa mtu mwenye mvi na duka la matairi, ulikuwa uso wa mtoto aliyepotea sokoni, "mimi sisikii tofauti."

Tencha alimtazama, na akaona walichokifanya yeye na Anselmo, kwa mapenzi yao yote. Walikuwa wamemlinda na rula, wakamfanya awe upande wa pili wa kitanda, pamoja na nesi. Kama angekuwa yeye aliyebaki na baba yake saa ile, angemshika mkono na kusema nimekusikia, baba, Filomina. Alihisi uchungu wa jambo hilo kifuani kama alivyouhisi wa Belia.

Alinyoosha mkono, akamshika kidevu, kama zamani alipokuwa akimpa dawa ya minyoo.

"Legeza taya. Usitabasamu, ukitabasamu unaliharibu. Sema me."

"Mei."

"Usilivute. Kata. Me."

"Me."

"Filomena."

"Filomi—"

"Hapana."

"Filomena."

Lilitoka limepinda, kama meza iliyotengenezwa na fundi mwanafunzi, lakini lilisimama. Walitazamana. Kisha Arnoldo aliachia usukani, akamlalia mama yake begani, na gari likaendelea kunguruma bure.

Alipopata nafuu alitoa simu akampigia Bwana Hoskins. Tencha aliisikia sauti ya mzee yule wa mjini ikitoka kwenye simu, changamfu, yenye haraka, ikisema kwamba alishaanza kuwa na wasiwasi.

"Tumeamua," alisema Arnoldo. "Atazikwa Filomena."

"Filomina, vizuri sana. Pale langoni. Nitawaambia vijana waanze."

"Hapana. Si Filomina. Filomena."

"Ndiyo, Filomina. Nimekupata, Arnold."

"Hujanipata. Filomena."

"Aa, unamaanisha Filomina ya Zamani? Kule kijitoni?"

Ilikuwa njia nzuri ya kutokea. Ingetosha kusema ndiyo, na Anselmo angechimbiwa mahali pake, na hakuna ambaye angetahayari. Tencha alimtazama mwanawe kwa upande, sikio lile kubwa la Anselmo likiwa limebanwa na simu, akabana pumzi. Alikuwa anangoja kicheko. Maisha yake yote alikuwa amekisikia kikija hapo hapo, kicheko kidogo cha upole, kisha lile sawa, bwana.

"Kijitoni, ndiyo," alisema Arnoldo. "Lakini si Filomina ya Zamani. Baba yangu alikutajia jina lake miaka yote na ukamwita Sam. Jina la mahali anapozikwa utalisema sawasawa. Filomena. Chukua muda wako, bwana. Nasubiri."